Je, Ni Kweli Corvette za Namna Hii Zilitengenezwa Tatu Tu?

Msomaji anayeishi Ohio, Marekani, ameuliza hivi: "Shikamoo mtaalamu. Nimepata Chevrolet Corvette ya mwaka 1967, kupe (yaani ya paa gumu lisilokunjwa), rangi ya Marina Blue, injini ya inchi za ujazo 427 yenye nguvu za farasi 390, ina kiyoyozi na viti vya ngozi. Muuzaji ananiambia kwamba amepiga hesabu na kuona magari matatu tu ndiyo yaliyotoka kiwandani yakiwa na mchanganyiko huo, na kwa sababu hiyo ameongeza bei. Vioo vyake vya madirisha pia ni vya umeme, ingawa hakuvitia katika hesabu. Je, nimwamini?"

Marahaba, ndugu yangu. Usilipe hata senti moja kwa ajili ya hilo neno "tatu" kabla hujaona lilikotoka. Muuzaji wako huenda si mwongo, kwa maana nimeirudia hesabu yake nikaipata bila taabu. Tatizo ni kwamba njia aliyoitumia haifai kwa jambo analotaka kulithibitisha, na njia hiyohiyo ndiyo inayotumika katika matangazo mengi sana ya magari ya zamani, kiasi kwamba watu wameizoea na hawaihoji tena.

Tuanze na takwimu, kwa sababu kwa gari hili takwimu nzuri zipo. Mwaka wa 1967 kiwanda cha St. Louis kilitengeneza Corvette 22,940, na kati ya hizo 8,504 zilikuwa kupe na 14,436 zilikuwa za paa la kukunja. Injini ya nguvu za farasi 390, ambayo wapenzi wa gari hili huiita kwa namba yake ya oda L36, iliwekwa katika magari 3,832. Rangi ya Marina Blue ilipakwa kwenye magari 3,840, kiyoyozi kilifungwa katika magari 3,788, na viti vya ngozi viliagizwa na wanunuzi 1,601 tu. Kila moja ya namba hizi ni ya kuaminika. Kwa mfano, ukizijumlisha rangi zote kumi za mwaka huo unapata magari 22,930, yaani pungufu ya jumla kwa magari kumi tu, jambo linaloonyesha kwamba waliokuwa wakihesabu walikuwa makini.

Sasa zigeuze namba hizo kuwa asilimia. Kupe ni asilimia 37.1 ya magari yote, injini ni 16.7, rangi ni 16.7, kiyoyozi ni 16.5, na ngozi ni 7.0. Zizidishe asilimia hizo zote pamoja, kisha zidisha kwa 22,940, nawe utapata magari 2.74. Muuzaji akaikuza hadi tatu, akaandika tangazo.

Lakini wewe umetaja vioo vya umeme. Hivyo viliagizwa kwenye magari 4,036, sawa na asilimia 17.6. Kwa njia ileile ya muuzaji, tukivitia katika hesabu tunapata magari 0.48, pungufu ya nusu ya gari. Wewe mwenyewe umesimama kando ya gari hilo zima, ukafungua mlango wake na kukaa ndani. Njia inayotegemea kila sifa ipunguze idadi kwa kiasi chake kamili, hata ifike mahali pa kusema kwamba gari lililo mbele yako ni nusu gari, inatuonyesha yenyewe kwamba kuna sharti imelivunja.

Sharti hilo ni lile ambalo wanahisabati huliita uhuru wa matukio. Kuzidisha asilimia kunaruhusiwa pale tu ambapo kuchagua kitu kimoja hakuathiri hata kidogo uwezekano wa kuchagua kingine. Anayeagiza pilau huagiza na kachumbari. Ukienda hotelini ukahesabu sahani za pilau, ukahesabu na vibakuli vya kachumbari, kisha ukazidisha asilimia hizo mbili ili kukadiria wangapi wamekula vyote viwili, utapata idadi ndogo mno kuliko ile utakayoiona kwa macho mezani. Mnunuzi wa Corvette wa mwaka 1967 alikuwa hivyohivyo. Aliyekuwa na fedha za kulipia ngozi, na aliyetaka gari la starehe zaidi kuliko la mashindano, ndiye yuleyule aliyetaka kiyoyozi na vioo vya umeme. Sisi tuliozoea kununua magari yaliyotumika kutoka Japani tunalijua jambo hili vizuri, maana gari tunaloliita "fulu opsheni" huja na vitu vyote kwa mkupuo, na mwenye kuvizidishia asilimia kimoja kimoja atakwambia gari hilo ni ajabu la dunia.

Mfano ulio wazi kuliko wote umo ndani ya mwaka huohuo na modeli hiyohiyo. Injini ya mashindano ya L88 ilitengenezwa katika magari 20, na gia nzito iliyopewa namba M22 nayo iliwekwa katika magari 20. Ukizidisha kwa njia ya muuzaji, magari yenye vyote viwili yanatarajiwa kuwa 0.017, yaani hakuna hata moja. Ukweli ni kwamba yalikuwa 20, kwa sababu kiwanda hakikumruhusu mtu kuagiza L88 bila gia hiyo. Makosa ya hesabu hapo ni zaidi ya mara elfu moja, na namba zote zilizoingizwa zilikuwa sahihi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mkadiriaji makini, kabla ya kushika kikokotoo, ni kusoma masharti ya oda ya mwaka husika na kujiuliza ni vitu gani vilikwenda pamoja kwa lazima na ni vipi vilikatazwa kukutana. Katika Corvette ya 1967 makatazo haya yana uzito mkubwa. Injini kali ya nguvu za farasi 435, yaani L71, iliuzwa kwa wanunuzi 3,754, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kupata kiyoyozi cha kiwandani. L88 nayo haikuwa na kiyoyozi. Magari hayo yote yanapaswa kuondolewa kwanza, kwa sababu hayakuwa katika kundi la magari yanayoweza kufungwa kiyoyozi. Tunabaki na takriban magari 19,170, na kiyoyozi sasa si asilimia 16.5 bali ni karibu 19.8. Tofauti hiyo huonekana ndogo. Ichukue basi gia ya otomatiki, ambayo ilikuwa kwenye magari 2,324. Ukiigawa kwa jumla unapata asilimia 10, lakini haikupatikana kwa L71 wala kwa L79 ya nguvu za farasi 350, ambayo peke yake ilikuwa kwenye magari 6,375. Ukiyatoa hayo, asilimia ya otomatiki inapanda hadi 18, karibu maradufu.

Hatua ya pili ni kutafuta mipaka ambayo haihitaji dhana yoyote. Watu wengi huiruka hatua hii, nami naipenda kuliko zote kwa sababu haiwezi kukudanganya. Magari yenye vitu viwili hayawezi kuzidi idadi ya kile kilicho kichache zaidi, na hayawezi kupungua chini ya jumla ya viwili ukitoa magari yote. Ekseli ya nyuma ya kuzuia utelezi iliagizwa kwenye magari 20,308, na redio ya AM-FM kwenye magari 22,193. Jumla yake ni 42,501, na ukitoa 22,940 unabaki na 19,561. Ina maana kwamba angalau magari 19,561 yalikuwa na vyote viwili, hata kama wanunuzi walichagua kwa namna gani. Kwa kiyoyozi na ngozi mipaka ni mipana sana: chini ni sifuri, juu ni 1,601. Njia ya kuzidisha inatoa magari 264. Ukweli uko mahali fulani kati ya sifuri na 1,601, na tabia ya wanunuzi inatuambia uko juu ya 264.

Sasa nikupe makadirio yangu mwenyewe, nikikuonyesha kila mahali ninapoingiza dhana ili uweze kuibadilisha ukiona haikuridhishi. Naanza na magari 3,832 ya L36. Nachukua asilimia 37.1 kuwa kupe, nabaki na takriban 1,420. Nachukua asilimia 16.7 kuwa Marina Blue, nabaki na 238. Hapa sioni sababu kubwa ya kuacha kuzidisha, kwa kuwa rangi ya nje mtu huichagua kwa jicho lake na wala haimgharimu kama ngozi. Nachukua asilimia 19.8 ya kiyoyozi, ile iliyorekebishwa, nabaki na 47. Hadi hapa nimefuata karibu njia ya kawaida.

Kwenye ngozi ndipo naachana na muuzaji. Badala ya asilimia 7.0, nadhani mtu aliyekwisha kulipia kiyoyozi alikuwa na uwezekano mara mbili au mara tatu zaidi wa kuchukua ngozi, nami nawekea kati ya asilimia 14 na 21. Napata magari kati ya 6.6 na 9.9. Kwenye vioo vya umeme nadhani kwamba mwenye kiyoyozi na ngozi alivichukua kwa nusu hadi theluthi mbili ya nafasi. Tena kuna suala la kupe: mwenye gari la paa la kukunja hufunua paa joto likizidi, kwa hiyo ni busara kudhani kwamba kiyoyozi kilikwenda kwa wingi zaidi kwenye kupe kuliko asilimia 37 inavyosema, pengine hadi asilimia 60. Nikichukua upande wa chini wa kila dhana napata takriban magari 3, nikichukua upande wa juu napata 10 au 11.

Angalia kilichotokea. Nimeongeza sifa moja zaidi kuliko muuzaji, yaani vioo, na bado idadi haikushuka hadi 0.48. Iko kati ya mara saba na mara ishirini na mbili ya namba ambayo njia yake ingetoa kwa gari lilelile. Ukiniuliza niandike sentensi moja ya kuweka kwenye tangazo kwa uaminifu, ningeandika: "Inakadiriwa kwamba magari yenye mchanganyiko huu hayakuzidi kumi na mawili hivi." Sentensi hiyo bado ni ya kuvutia. Ni gari adimu kweli, na hakuna haja ya kulitia chumvi.

Kuna jambo lingine dogo ambalo hata wakadiriaji wazuri hulisahau. Namba tunayoipata kwa kukadiria ni wastani unaotarajiwa, si hesabu ya magari. Wastani ukiwa 5, magari halisi yangeweza kuwa 2 au 9 bila mtu yeyote kushangaa. Aidha, sisi tunauliza baada ya kuliona gari moja tayari. Kwa matukio machache ya namna hii, kuliona moja hakupunguzi matarajio ya mengine. Kwa hiyo hata 0.48 ya njia ya kuzidisha, ikitumiwa kwa usahihi, ingesomeka kama gari lako pamoja na nusu nyingine inayotarajiwa, yaani jumla ya 1.48. Anayekuonyesha hesabu iliyo chini ya moja kisha akatangaza "la pekee duniani" hajaelewa kikokotoo chake kilimwambia nini.

Na neno "la pekee" lenyewe linahitaji tahadhari kubwa. Chukua rangi kumi, aina mbili za bodi, na vifaa kumi na viwili tu ambavyo mtu anaweza kuchukua au kuacha. Michanganyiko inayowezekana ni 81,920, zaidi ya mara tatu na nusu ya Corvette zote za mwaka huo. Ukiorodhesha vitu vya kutosha, karibu kila gari lililotoka St. Louis linakuwa la pekee, likiwamo lile la bei ya chini lililochukuliwa na mtu asiyejali alichopewa. Kwa hiyo kila ukisikia madai ya upekee, uliza sifa ngapi zimeorodheshwa na nani alizichagua. Mtu anayeongeza sifa moja baada ya nyingine hadi apate namba anayoipenda hapimi uadimu, anautengeneza.

Usidhani kwamba hali ni hii kwa magari yote. Kwa magari ya Ford yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 1967, kampuni ya Marti Auto Works ina hifadhidata ya uzalishaji iliyotoka Ford yenyewe, na mwenye Mustang anaweza kulipia ripoti inayohesabu magari yenye mchanganyiko wake mmoja mmoja, bila kukadiria. Pontiac nazo zina nakala za ankara za kiwandani kupitia huduma ya PHS. Mwenye Corvette ya 1967 hana bahati hiyo. Chama cha National Corvette Restorers Society kinaweza kumpa ripoti ya tarehe ambayo gari lilitengenezwa na wakala wa mauzo aliyepelekewa, lakini ripoti hiyo haitaji vifaa. Ndiyo maana katika Corvette makadirio yana nafasi kubwa, na ndiyo maana pia yana mwanya mkubwa wa kutumiwa vibaya. Orodha za magari yaliyosalia zinazotunzwa na wapenzi husaidia kidogo kuona ni vitu gani hukutana na vingine, ila zisichukuliwe kama sampuli ya haki, kwa sababu magari yenye injini kubwa yalitunzwa vizuri zaidi, na mengine yenye injini ndogo yalibadilishwa baadaye yakaandikwa kuwa ya injini kubwa.

Hapo ndipo ninapotaka uelekeze nguvu zako kabla ya kujadili uadimu wowote. Gari lenye sifa sita za kudai ni gari lenye mambo sita ya kuthibitisha, na ushahidi wake haulingani. Namba ya chesisi itakuonyesha aina ya bodi: ikianza na 194377 ni kupe, ikianza na 194677 ni ya paa la kukunja. Haitaji injini kabisa. Kibati kilichopigwa ribiti chini ya kasha la dashibodi kinaonyesha rangi ya nje, na kwa Marina Blue utafute namba 976, pamoja na msimbo wa ndani unaotofautisha ngozi na vinaili. Injini utaitambua kwa alama zilizogongwa kwenye bloku mbele ya silinda za upande wa kulia, ambako pia kunapaswa kuwa na tarakimu za mwisho zinazofanana na za chesisi. Mpeleke mtu anayejua kusoma alama hizo, maana kugonga upya ni ulaghai wa siku nyingi.

Kiyoyozi na vioo vya umeme havionekani katika alama yoyote kati ya hizo. Ushahidi wake bora ni karatasi ya oda iliyobandikwa juu ya tangi la mafuta wakati gari likiunganishwa, ambayo huorodhesha namba zote za vifaa. Mara nyingi huwezi kuisoma mpaka tangi lishushwe, na nyingine zimeoza kwa unyevu wa miaka. Nyingine ni nakala mpya zilizochapishwa na kubandikwa. Ukiikuta halisi, ina thamani kuliko hesabu zote nilizokuandikia hapa. Usipoikuta, basi kiyoyozi na vioo vihesabu kuwa ni madai tu, na uadimu unaovitegemea uhesabu vivyo hivyo.

Kuhusu bei, uadimu huongeza thamani pale tu ambapo kuna watu wanaokitaka kile kilicho adimu. Mikanda ya bega iliagizwa kwenye Corvette 1,426 za mwaka huo, chache kuliko zenye ngozi, na vizuia kichwa kwenye 1,762, vichache kuliko injini ya nguvu za farasi 400 iliyouzwa katika magari 2,101. Sijawahi kuona mtu akipandisha bei kwa fahari kwa ajili ya mikanda. Kwa upande mwingine, rangi nyeusi ya Tuxedo Black ilikuwa kwenye magari 815 tu na hutafutwa sana, na vichwa vya injini vya aluminiamu vya L89 vilikuwa kwenye magari 16, hivyo kila kimoja hugombewa. Gari lako ni la starehe lenye nguvu ya kutosha, na soko lake ni la watu wanaotaka kuliendesha safari ndefu katika joto la Julai. Watu hao watalipia kiyoyozi kinachofanya kazi na ngozi isiyochanika zaidi kuliko watakavyolipia tarakimu katika tangazo.

Mwambie muuzaji akuonyeshe mambo mawili: picha za karatasi ya tangi, kibati na alama za bloku, kisha hesabu aliyoitumia, mstari kwa mstari. Akikupa la kwanza na likathibitika, jadiliana naye bei ukianza na thamani ya kupe ya L36 yenye kiyoyozi iliyo katika hali kama hiyo, uongeze kiasi cha ngozi na rangi kulingana na magari yaliyouzwa hivi karibuni. Akikupa la pili peke yake, mrudishie hesabu hiyo ukiwa umeongeza vioo vya umeme, umwulize ile nusu nyingine ya gari iko wapi.